Alfred wa Kwanza na Alfred wa Pili

Placida ni mtu wa Moshi anayetunza wazee huku Walthamstow, Uingereza, na mdomo wake hauna breki. Kila asubuhi humwogesha Bibi Beryl, Mwingereza wa miaka themanini na minane, kisha humvumilia na makaratasi yake ya ukoo.

Wiki nzima bibi alikuwa akimtukana Alfred, babu wa mama yake. Daftari la kanisa lilisema alibatizwa mwaka 1861, lakini cheti cha ndoa kilisema alizaliwa 1864.

"Mwongo mkubwa! Kajipunguzia miaka ili apate mke kijana!"

Placida akatua bakuli la uji kwa kishindo. "Acha kumsingizia marehemu. Hebu tafuta kwenye daftari la maziko."

Wakatafuta kwenye kompyuta, na kweli alikuwepo: Alfred, miezi saba, kazikwa Januari 1862. Mdogo wake alipozaliwa akarithishwa jina.

Bibi akafuta machozi. "Umejuaje?"

"Mimi mwenyewe ni Placida wa pili. Wa kwanza aliishi mwezi mmoja tu."

Bibi akamshika mkono, akamhurumia mno.

Yaliyobaki Placida hakuyasema. Baba yake aliona usumbufu kufuatilia cheti kingine cha kuzaliwa, akamwandikisha shule kwa kile cha marehemu dada yake, na hadi leo hicho ndicho anachotumia. Ana miaka sitini na minne, lakini kwa serikali ana sitini na saba. Mwezi ujao anastaafu, na kila Jumapili humwashia dada yake mshumaa mrefu kuliko yote kanisani.