Picha ya Kumnenepesha Mama Mdogo

Mama mdogo hakutaka picha nzuri. Alitaka picha nene.

Nyanya alikuwa amemwandikia barua kwa mkono wa katekista, kutoka kwetu magharibi. Ilisema mtu mmoja aliyetoka Nairobi amemwambia kwamba bintiye amebaki mifupa. Kama ni kweli, arudi nyumbani kabla ya Krismasi; shamba lipo na chakula kipo. Mama mdogo alikuwa amebakiza miezi miwili tu amalize kujifunza ushonaji kwenye karakana moja ya Kariobangi. Kurudi kulimaanisha kuacha cherehani na kushika jembe. Na yule mtu wa Nairobi hakuwa amesema uongo.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, nikikaa kwake kwa kuwa shule zimefungwa, na karani aliyepanga chumba cha mkabala alikuwa ameanza kunifundisha kupiga picha. Somo lilikuwa Jumapili baada ya kanisa, pale uani. Yeye hukaa juu ya debe lililopinduliwa, miguu ndani ya karai la maji kwa sababu ya joto, wala haondoki hapo. Anafundisha kwa mdomo.

"Filamu imebaki picha tatu," alisema siku hiyo. "Ukiziharibu usimsingizie shetani. Jua liwe mgongoni mwako. Na ukumbuke, kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa."

Mama mdogo akatoka chumbani, mikono imetengana na mwili kama bata. Chini ya gauni alilojishonea alikuwa amevaa shumizi, blauzi mbili, sweta langu la shule, na leso mbili alizojizungushia kiunoni.

"Unahamia Ulaya?" karani akamuuliza.

"Wewe osha miguu."

Mwili tulikuwa tumeupata, lakini uso ulikuwa uleule, mashavu yamezama. Nikampa vipande viwili vya mandazi, kimoja kila shavu. Nikaweka jua mgongoni mwangu, maana yake likawa machoni mwake, naye akakunja uso kama aliyelamba ndimu.

"Tabasamu."

"Mmh."

"Usimeze."

Akameza kimoja. Nikabonyeza hivyohivyo.

"Sasa ana jino bovu," karani akasema.

Nikamhamishia kwenye kamba za nguo, kando ya shuka nyeupe za jirani wa nyumba ya pembeni. Pale kikatokea kitu ambacho hakuna aliyenifundisha. Jua liligonga shuka, mwanga ukarudi polepole usoni pake, ukayajaza yale mashimo ya mashavu kama maziwa yajazavyo kikombe. Nilisahau hata kubonyeza. Nilipokumbuka, dirisha la jirani likafunguka. "Nani anaegemea shuka zangu?" Mama mdogo akaruka. Hiyo ya pili ilitoka kama moshi.

Ikabaki moja. Jasho lilikuwa linamtiririka na leso zinateleza, nikamwambia azishikilie kwa mikono miwili kwa mbele. Kisha nikalikumbuka somo: kilicho karibu huonekana kikubwa. Nikapiga magoti kwenye tope la mfereji, nikaisogeza kamera hadi karibu na kiuno chake, nikaielekeza juu. Mama mdogo akaijaza mbingu yote.

Picha iliposafishwa alicheka hadi akakaa chini. Akaituma na mstari mmoja: Mama, ninakula vizuri.

Jibu halikuja. Alikuja nyanya mwenyewe, asubuhi, na kuku hai kwapani na furushi kichwani. Hakusalimu. Alimtazama bintiye, mwembamba, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, kisha akateremsha macho hadi tumboni.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani, mama?"

Akatoa picha kifuani, imefungwa kwenye leso ya mkono. Safari hii niliiona kwa macho yake. Tumbo limetangulia, mviringo kama chungu, mikono miwili imetulia juu yake, na huko mbali, kichwa kidogo chenye furaha.

Mama mdogo alileta zile nguo, akazivaa moja moja mbele ya mama yake. Nyanya alikaa kitandani akitazama. Kwenye leso ya pili mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Kwa hivyo ni sweta."

"Ni sweta la huyu," mama mdogo akasema, akininyooshea kidole.

Nyanya akanitazama. Mimi nikamtazama kuku.

Kisha akaushika mkono wa bintiye, akaufinya, vidole vikakutana upande wa pili bila shida. "Asante Mungu," akasema, "umekonda. Kukonda si dhambi."

Alikaa siku tatu akitupikia, akaondoka peke yake, baada ya kusema cherehani imalizwe kwanza. Picha aliiacha. Alisema hawezi kurudi nayo, kwa kuwa katekista alikuwa ameshaanza kumwombea mtoto.