Viti vya Wakubwa

Msicheke sana. Mimi, karani wa Malaba mwenye Form Four nzima, nilipeleka Nekesa na baba yake kwa thieta ya zamani ya michezo ya kuigiza huko Nairobi, ile ilijengwa na wazungu, ili mzee aone mimi ni mtu wa kuoa binti yake. Sikuwa nimewahi kuingia thieta. Lakini hilo ni jambo dogo kwa msomi.

Laini ya tiketi ilikuwa ndefu. Nekesa akasema tungoje. Kungoja ni kazi ya wale hawajasoma, kwa hivyo nikamwacha hapo, nikapitisha mzee mlango wa kando. Ndani nikapata sofa mbili, meza na maua, kama jukwaa ya wageni kwa harambee ya Butula. Mbele yake pazia kubwa, imefungwa.

"Mzee, hapa ni pa wakubwa. Wakifungua pazia, mchezo uko hapo mbele."

"Kijana, kweli umesoma," akasema, akakaa, akaweka bakora kwa meza.

Jamaa mmoja mwenye poda usoni akatuchungulia, akakimbia. Nikajua ameenda kuita chai.

Mara taa zikawaka, pazia ikafunguka. Mbele yetu kulikuwa na mamia ya watu, wamekaa, wanatuangalia. Nekesa alikuwa safu ya pili, amejifunika uso na leso.

Mzee, kwa kuzoea harambee, akasimama, akavua kofia. "Hamjambo wananchi!"

"Hatujambo!" ukumbi mzima ukaitika.

Akaniinamia polepole. "Watu wengi hivi," akaninong'oneza, "na wote watacheza?"