Jeni Iliyokaa kwa Wadudu

Mwaka ule nilikuwa nasoma shahada ya pili hapa Dodoma, na nilishindwa kutulia. Kazi yangu ilihusu protini zinazopokea mizigo ndani ya seli na kuipitisha hadi kwenye kiini. Karibu kila kiumbe anazo, ila hamira, kiumbe wa seli moja, ana chache, mimea na wanyama wana koo zao za protini hizo. Nilikuwa nalinganisha jeni za protini hizo nijue koo hizo ziliachana vipi.

Sampuli za majani ya mtama nilizichuma shambani kwa baba, Kongwa. Majibu ya maabara yaliporudi, jeni moja ya mtama ilikataa kukaa na mimea. Kila nilipochora upya mti wa ukoo, kompyuta iliipeleka kwa wadudu. Nikaanza kujiona nimegundua jambo jipya. Chakula hakipiti, nakaa nasimama.

Mwalimu wangu, mama mpole asiyependa maneno mengi, aliutazama ule mchoro.

"Usimwambie mtu kwanza," alisema. "Rudi shambani."

Asubuhi nikapanda basi la Kongwa. Baba alikuwa anapalilia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona umerudi haraka hivi? Unaumwa?"

"Hapana. Nataka kuuona mtama tena."

Aliniangalia, akaegemea jembe. "Haya, uone. Haujahama."

Niligeuza jani la kwanza. Chini yake vidukari, wadudu wanaofyonza majani, walikuwa wamejazana, wadogo, wa kijani, huwezi kuwatofautisha na jani usipoinama. Nikageuza la pili, la tatu. Kote wamo. Nilichuchumaa pale kati ya mistari ya mtama: kumbe mara ile niliwachuma na kuwasaga pamoja na majani.

"Hao wapo kila mwaka," baba alisema. "Wamekufanya nini?"

"Wameniharibia ugunduzi, baba."

Alicheka, kisha alipoona sicheki akaja kunishikia vichupa nilivyobeba. Majani niliyaosha nikayaweka peke yake, na vidukari peke yao.

Nilingoja majibu nikizunguka maabara mpaka wenzangu wakanifukuza. Yalipokuja, ile jeni ilikuwamo kwenye chupa ya vidukari tu. Mtama ulikuwa na jeni zake za kimimea, zimekaa mahali pake.

"Sasa unaweza kuandika," mwalimu alisema.

Nilifungua kompyuta, nikaifunga, nikatoka nje kwenye upepo na vumbi. Nilizunguka jengo mara kadhaa ndipo nikaweza kukaa niandike.