Msaidizi wa Benchi la Nyuma

Murekatete hakujiunga na walimu wasaidizi wa shule ya Jumapili kwa sababu ya utakatifu. Alikuwa na miaka kumi na sita, na kijijini kwao Muheto, Jumapili asubuhi ilikuwa zamu yake ya kuteka maji bondeni. Msaidizi wa kanisa husamehewa maji. Basi akaokoka upesi.

Mwalimu wa watoto, Papa Zéphyrin, alikuwa amerudi kutoka semina ya Goma na neno jipya la Kifaransa: inclusion, yaani kila mtoto afundishwe pamoja na wenzake. Alilitia kila mahali, kama mpishi asiyeonja chumvi yake. "Hapa kwetu batoto bote beko sawa!" alitangaza, kisha akawapeleka benchi la nyuma wale wawili: Cyusa, asiyejua kutulia, na Élysée, kiziwi.

"Murekatete, kazi yako njo kubanyamazisha."

Kumnyamazisha kiziwi! Murekatete alicheka hadi akakohoa. Lakini ibada ni ndefu, na kukaa bure kunachosha kuliko ndoo. Akaanza kumsimulia Élysée hadithi za Biblia kwa mikono. Alipomwonyesha shetani kwa pembe mbili, mtoto akadhani ni ng'ombe, akaanza kumkamua. Wakaelewana polepole. Cyusa wakampa kazi zote za kurukaruka: mara mawimbi, mara moto wa kichaka cha Musa.

Siku moja ikasikika kwamba Pasta Sebarenzi anapanda mlima kwa pikipiki kutoka Masisi kuja kuona hiyo inclusion.

"Leo bale babili babakie inje kidogo," Papa Zéphyrin alinong'ona.

"Papa, si anakuja kuona inclusion?"

"Njo hiyo! Anakuja kuona inclusion, si kuona Cyusa!"

Murekatete alitii, akakaa nao mlangoni, uso ukimwaka kwa aibu.

Ndani, Pasta akasimama na kuuliza, "Mungu alimwambia Musa nini pale kichakani?" Mabenchi ya mbele, yaliyofundishwa salamu za kumkaribisha tu, yakamgeukia Papa Zéphyrin. Cyusa alichomoka kama mbuzi aliyekata kamba, akasimama mbele akitetemesha mikono. Élysée aliutambua ule moto. Akaingia, akamwekea Pasta kiganja kifuani na kumwonyesha viatu vyake.

"Anasema nini huyu?"

"Anasema muvue viatu, Pasta," Murekatete alijibu kutoka mlangoni. "Hapa iko patakatifu."

Neno la Mungu halikataliwi mbele ya watu. Pasta akavua. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikachungulia. Kanisa zima likaangua kicheko, na Pasta mwenyewe naye akacheka.

"Nani amemufundisha?"

Papa Zéphyrin aliruka wima. "Iko metode yetu ya kufundisha, Pasta!"

Alituzwa semina nyingine, ndefu zaidi. Murekatete akaachiwa darasa zima. Jumapili iliyofuata, Mama Emérita, mkulima wa maharagwe, aliteremka kilimani akiwa na msichana mgongoni, mwenye miguu isiyosimama. Majirani wengi hawakuwa wamejua kwamba ana mtoto huyo.

"Anaitwa Uwizeye," alisema. "Iko nafasi?"

Murekatete aliligeukia benchi. "Musogee," akasema, kwa mdomo na kwa mikono.