Msifunge Mlango

Alikuwa mwembamba kiasi kwamba wenzake walimwita Waya, na jina likamganda mpaka uzeeni. Ujanani aligombana na baba yake, fundi viatu, kwa sababu ya gitaa la umeme. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliyatoa ya mwaka mzima.

"Ukitoka na hilo dude, hapa usikanyage tena."

Waya akatoka nalo. Mama yake alibaki kizingitini, mkono mdomoni.

Akahamia mji mwingine, akajiunga na bendi ya roki. Huko upweke ulipomzidi akatunga wimbo. Magitaa yalinguruma, ngoma zikapigwa kama zinavunjwa, na katikati ya vurugu hiyo yeye akapaza sauti: mama, niko njiani, msifunge mlango. Redio ziliupenda, watu wakaucheza mpaka jasho likawatiririka. Mtangazaji alipomwuliza maana yake, Waya, kichwa kishamvimba, akajibu kwamba nyumbani ni popote moyo unapotulia. Jibu lilisifiwa sana. Mwenyewe alijua ni porojo. Nyumbani kwake kulikuwa vyumba viwili vinavyonuka gundi na ngozi, na hapakupita siku asiviwaze. Ila alitaka baba amwite kwanza.

Baba hakuita. Bendi ikasambaratika, gitaa likauzwa, Waya akafungua kibanda cha kutengeneza spika na redio. Miaka ikaenda.

Asubuhi moja, akiwa ameinamia spika iliyopasuka, mwanamke wa makamo akasimama mlangoni na kumwangalia. Ilimchukua muda kumtambua mdogo wake.

"Kaka, mama hatunaye," akasema. "Tumeshamzika."

"Mmemzika bila mimi?"

"Tungekupata wapi? Nimekutafuta kwa kila mwanamuziki ninayemjua."

Waya akamsogezea kiti. Dada akakaa, akaeleza yaliyokuwa kifuani. Wimbo ulipotoka, mama aliusikia redioni, akamwambia kila jirani kwamba mwanawe amemtumia salamu. Tangu siku hiyo akakataa komeo lifungwe, mchana wala usiku. Baba alifoka mpaka akachoka. Wezi waliingia, wakabeba mashine ya kushonea viatu, na bado mama akashikilia lake. "Mtoto kasema yuko njiani," aliwajibu. "Akute pamefungwa, nimwambie nini?"

Waya alikishika chuma cha kulehemu kikiwa cha moto, hata hakushtuka.

"Ulikuwa wimbo tu," akasema.

"Kwake haukuwa wimbo."

Walisafiri pamoja siku iliyofuata. Mlango ulikuwa na komeo jipya la chuma. Baba akafungua taratibu, mgongo umepinda, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akamtazama juu mpaka chini. "Umekonda zaidi."

Wakaketi. Waya alikuwa amepanga maneno njia nzima. Badala yake akauliza, "Na wewe, baba, uliusikia ule wimbo?"

"Niliusikia. Makelele matupu. Mama yako ndiye aliyekuwa akinitafsiria." Mzee akafuta miwani kwa shati. "Ningekuja kukuchukua. Lakini nilisema, kama yuko njiani kweli, atafika. Nikangoja."

"Nami nilikuwa nangoja uniite."

Mzee akatikisa kichwa, akainuka, akaingia chumbani. Hakutoka tena mpaka jua likazama. Dada alimtandikia kaka yake sebuleni, lakini Waya hakulala. Harufu ya gundi ilikuwa imekwisha. Chumba kilinuka dawa na vumbi, kama nyumba ya mtu asiyemjua.

Waya alirudi kibandani kwake. Wateja wanaokumbuka bendi bado humwuliza wimbo ule ulimhusu nani. Huwaambia amesahau, kisha huwaomba waache redio zao hapo na wazipitie kesho.