Mwendo wa Sajini

Siku yangu ya kwanza kazini Nakivale, makazi ya wakimbizi kule Uganda, sikupiga wimbo hata mmoja. Nilikuwa nimetoka Kabazana, kule wageni wanakoandikishwa, na saksofoni yangu nilikuwa nimeifunga kwenye kitenge. Mkubwa wa bendi, ambaye sote tulimwita Chef, alinipeleka mlangoni pa baa, akanionyesha mwanamke aliyekuwa anapanda njia na jerikeni kichwani.

"Ona ule mama anakuya," akasema. "Umutembeze."

Nikapuliza noti nne fupi, moja kwa kila hatua. Chef akatikisa kichwa.

"Hapana. Weye unapiga miguu tu. Mutu anatembea na shingo, anatembea na mawazo yake. Anza tena."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu, nyinyi vijana mnaotengeneza muziki kwa kubonyeza kompyuta. Kwetu mashariki mwa Kongo kila bendi ilijiita jazi, hata ile yenye gita moja la kamba tatu. Lakini jazi yetu hasa ilikuwa hii: wimbo ukifika sebene, yaani pale waimbaji wanaponyamaza na magita yanakimbia peke yao, mtu akiingia mlangoni saksofoni inaacha kila kitu na kupiga mwendo wake. Tuliita kumtembeza mtu. Mnene alipata noti nzito, mwenye maringo alipata noti za kuteleza. Aliyetembezwa alicheka, akacheza, na kuanzia hapo akawa mtu wa pale. Ambaye hajatembezwa alikuwa bado mgeni.

Msidhani ni upuuzi. Mzaha wa muziki una sheria zake. Unampoteza msikilizaji njia, anadhani umekosea, kisha unamrudisha kwenye pigo la kwanza akiwa salama. Ukimwacha huko porini, huo si mzaha tena, ni matusi. Chef alinifundisha hivyo kwa kunikaripia miezi mingi, na wakati ule sikumpenda hata kidogo.

Baadaye tukapata kazi Mbarara, katika kambi ya jeshi, kuwapigia wanajeshi na familia zao kwenye kantini Jumapili mchana. Hapo tuliogopa. Sisi wakimbizi tumtembeze mtu mwenye bunduki? Kapteni aliyetusimamia alituambia mapema: "Nyinyi piga musiki tu. Hapana ingilia watu yangu." Basi tukapiga kwa adabu, kama watoto wa shule mbele ya mkaguzi, na watu wakanywa soda zao bila hata kutuangalia.

Aliyetuokoa ni Sajini Baguma, Mnyankore mrefu mwenye sura ya ukali na tabia ya kitoto. Alikuwa amezisikia sifa zetu. Jumapili moja alifika mlangoni, akasimama, akainua mguu mmoja juu, akaniangalia.

"Wewe mutu ya saksofoni! Mimi nangoja!"

Nikashika noti moja, nikaivuta. Mguu uko juu. Pumzi inaniishia, macho yananitoka, watoto wanapiga kelele, na mguu bado uko juu. Nilipobakiza pumzi kidogo kabisa ndipo akaushusha, pwa! Nami nikashuka naye. Kantini nzima ikaangua kicheko. Kapteni mwenyewe alifuta machozi, halafu akakumbuka cheo chake.

Tangu hapo ikawa ni vita vyetu vya kila Jumapili. Sajini alibuni miendo mipya wiki nzima ili anikamate. Mara arudi kinyumenyume, mara atembee kama mama mkwe aliyekosewa. Mke wake alinilalamikia kwamba mume wake anafanya mazoezi jikoni na kumwaga uji. Nimepiga na wanamuziki wengi sana, lakini mwenzangu wa kweli alikuwa yule, na hakuwahi kushika ala yoyote.

Kisha akapelekwa vitani kaskazini. Alikaa huko muda mrefu, na aliporudi mguu wake wa kushoto ulikuwa umekatwa chini ya goti. Alitembea kwa mguu wa bandia na fimbo.

Jumapili aliyorudi kantini tulikuwa katikati ya sebene. Nilimsikia kabla ya kumwona, maana nje palikuwa na saruji. Mguu, fimbo, halafu ule wa bandia ukiburutwa. Ta, ko, shii. Mapigo matatu, na magita yalikuwa yanapiga manne! Mwanamuziki ataelewa jinsi mate yalivyonijaa kinywani. Tatu juu ya nne zinaachana, zinagombana, kila moja inashika njia yake, kisha baada ya mapigo kumi na mawili zinakutana tena. Ulikuwa mwendo mzuri kuliko yote aliyowahi kuniletea. Akafika mlangoni, akasimama, akainua fimbo juu, akaniangalia.

Nilikuwa nimeshaitia saksofoni mdomoni. Chef akanikamata mkono kwa nguvu.

"Uko kichaa? Mutu amepoteza muguu, weye unataka kumucheka mbele ya batoto yake? Piga wimbo ya kanisa."

Chef ndiye mkubwa. Magita yakanyamaza, tukapiga wimbo wa kanisa, taratibu, na watu wakasimama kwa heshima. Wengine walivua kofia. Fimbo ilibaki juu kidogo, kisha ikashuka.

"Mke yangu mulitembeza," Sajini akasema. "Mupishi mulitembeza. Hata Kapteni. Mimi munanipigia ya kuzika. Kwani mimi nimekufa?"

Akageuka. Tulimsikia mpaka mwisho wa uwanja, na hakuna aliyethubutu kupuliza.

Simlaumu Chef. Alikuwa amezika watoto wawili msituni alipokuwa anakimbia vita, na moyo wake haukuweza tena kuona mtu aliyeumia akichezewa. Yeye aliona huruma. Wiki ile nilikwenda nyumbani kwa Sajini, saksofoni begani, nikidhani nitampigia mwendo wake palepale uani tumalize maneno. Mke wake alinijibu dirishani kwamba amelala. Saa tano asubuhi, mwanajeshi, amelala! Nilirudi mara nyingine, nikaambiwa vilevile. Halafu wakahama kambi, na hakuna aliyenieleza walikokwenda.

Bendi nayo ikafa. Mmoja alipata safari ya Kanada, mwingine ya Ulaya, Chef tukamzika Nakivale. Mimi nikaajiriwa katika hoteli mjini Mbarara. Meneja, kijana wa tai, alinipa masharti: "Mzee, hapa tunataka jazi ya watu kula. Laini. Hakuna kuchekesha wageni." Basi miaka yote ile nilipuliza laini, kando ya meza ya matunda. Watu waliingia na miendo ya ajabu, zawadi tupu, nami nikatazama sakafu. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema, na mimi nilikuwa nacheza kwa watu. Inaniuma mpaka leo.

Kilichonistaafisha si meneja, ni meno. Saksofoni inashikwa na meno ya juu; bila hayo sauti inatoroka pembeni. Yangu yalianza kulegea, yakang'oka moja baada ya jingine, na mwaka 2015 nikaiweka chini.

Mwaka uleule nilikwenda Biharwe, nje kidogo ya Mbarara, kumsalimia rafiki. Natembea zangu kando ya barabara ya Masaka, nikasikia nyuma yangu: ta, ko, shii. Sikuhitaji kugeuka.

"Wewe mutu ya saksofoni!"

Kichwa chote mvi. Alikuwa na duka la maziwa pale, akaniketisha, akanipa kikombe cha maziwa ya kuganda. Tukaulizana habari za wake na watoto. Kisha akaenda kusimama mlangoni pa duka lake, akainua fimbo juu. Banange, jamani, mzee mzima!

Nikamwonyesha fizi. "Sajini, meno yameisha."

"Piga na mudomo tu. Mimi nimengoja sana."

Nikagonga nne mezani kwa vidole, nikajaribu tatu kwa mdomo. Vijana wangu, ulitoka upepo. Yalitoka mate. Nilipoteza hesabu katikati, nikamwacha amesimama vile, fimbo hewani, mpaka akaishusha mwenyewe. Akacheka. "Nzuri sana, mzee. Nzuri sana." Nimechekesha watu maisha yangu yote. Kicheko cha kweli nakijua, na kile cha kumliwaza mgonjwa nakijua pia.

Mnaniuliza kama najuta kutopata jina wala kurekodi santuri. Hayo hayanisumbui. Najuta mapigo kumi na mawili tu, ambayo nilikuwa nayo mdomoni, tayari.

Siku ile dukani, nilipoinuka kuaga, miguu iliyokaa sana ikayumba, nikashika meza. Sajini yule wa enzi za kantini angeniiga hapohapo, na wateja wote wangecheka. Nilingoja. Nilitaka sana anicheke. Akaja, akanishika kiwiko, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, mzee. Polepole."