Mfagiaji Aliyekatazwa Nusu ya Barabara

Saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, mwanamke mfupi mwenye koti la rangi ya chungwa anafagia kupanda juu.

Mtu anayeijua kazi hii angeshangaa. Uchafu hufagiwa kufuata mteremko, na barabara hii imelalia upande mmoja, upande wenye mtaro wa maji ya mvua. Lakini yeye anausukuma kinyume, kuelekea kwenye vyumba vya kupanga, na upepo unamrudishia nusu ya kila anachokusanya. Kila akirudi chini na kufika katikati ya lami, kwenye msumari mkubwa uliopakwa rangi nyekundu, anasimama. Hapo ndipo wilaya yake inapoishia.

"Ukiniona unadhani nimerukwa na akili," anasema huku akikaza raba inayofunga fagio lake la chelewa. "Miaka ishirini na mbili nafagia kwenda chini. Leo nafundishwa kufagia kwenda juu, tena na mtu ambaye hata chumba chake anafagiliwa."

Ana umri wa miaka hamsini na sita, na barabara nzima inamwita Shangazi. Wauza maduka, wapangaji na hata watoto wa shule wanaopita mapema hawalijui jina lake jingine. Sehemu yake ina urefu wa mita mia nane, na kwa siku hujaza mifuko kumi na minne ya taka. Mshahara wake unamfikisha katikati ya mwezi, na kuanzia hapo binti yake anayeshona nguo humshika mkono.

Alipoanza kazi, jiji lilikuwa na wilaya tatu, akapewa koti la kijani. Wilaya zikawa tano, likaja la bluu. Zikawa nane, likaja la njano, ambalo lilichuja hata kabla mkuu wa wilaya hajamaliza hotuba za kujitambulisha. Mwaka jana zikafika kumi na moja, akavishwa hili la chungwa. Makoti yote anayo nyumbani. La kijani ameligeuza kitambaa cha kupigia deki, na anasema ndilo lililomfaa kuliko mengine.

"Kila wakigawa wanatuambia ni kusogeza huduma karibu na mwananchi," anasema. "Sawa, nimesogezewa. Zamani nilikuwa napanda gari moja kwenda ofisini. Sasa napanda mawili."

Angeweza kucheka na kuyaacha hayo, kama alivyoyaacha mengine. Mgawanyo huu wa mwisho umemkalia kooni, kwa sababu mstari wa mpaka ulichorwa katikati ya barabara yenyewe. Upande wa vyumba ukabaki wilaya yake. Upande wa mtaro ukaenda wilaya mpya, ambayo haina mfagiaji hata mmoja wa kuleta hapa.

Wapimaji walikuja siku moja, wakapigilia misumari, wakaondoka kabla ya chakula cha mchana. Shangazi alikuwa amesimama palepale na toroli lake, wala hawakumwuliza kitu.

"Wangeniuliza, ningewaambia wapitishe mstari nyuma ya mtaro. Barabara na mtaro wake ni kama sufuria na kifuniko, huwezi kumpa huyu sufuria na yule kifuniko halafu ukategemea watu watakula. Hata mfagiaji wa wiki moja hawezi kukosea hivyo. Kukosea namna hiyo mpaka usome sana."

Mtaro huo sasa umejaa. Chupa, majani, mchanga na matambara vimefika usawa wa lami, na wavu wa chuma unaopeleka maji kwenye bomba kuu hauonekani tena. Kwa miaka yote Shangazi aliusafisha mara mbili kwa wiki kwa koleo. Baada ya mgawanyo aliendelea, kwa kuwa hakuona sababu ya kuacha. Miezi miwili baadaye akapewa barua ya onyo.

Barua anatembea nayo, imekunjwa mara nne ndani ya kifuko cha koti. Inasema amepatikana na kosa la "kutumia vifaa vya wilaya nje ya mipaka ya wilaya bila kibali". Ya pili ilifuata wiki sita baadaye, yenye maneno yaleyale na mhuri mkubwa zaidi. Ya tatu ikija, kazi hana, na miaka minne iliyomtenga na kustaafu itakuwa imekwenda na maji.

"Nimewafukuza wezi wa vifuniko vya chuma kwenye mtaro huu, nimeokota humo mtoto wa paka na meno ya bandia ya mzee wa watu," anasema, na sauti inapanda. "Leo kuusafisha ni kosa! Mtu akitupa taka mle haandikiwi barua. Anayezitoa ndiye anaandikiwa!"

Hakukaa tu na hasira zake. Alikwenda wilaya ya zamani, akaambiwa mtaro umeshaondolewa kwenye orodha yao ya mali. Akaenda wilaya mpya, iliyopanga vyumba viwili juu ya duka la vioo, akaambiwa mtaro haujaingia kwenye orodha yao, kwa maana haujakabidhiwa rasmi. Kwa miezi saba amepigwa danadana hivyo. Kwenye karatasi za jiji zima, mtaro wenye urefu wa mita mia nane haupo.

Siku ya mwisho kwenda huko, ofisa alimwonyesha ramani ukutani. Shangazi aliisogelea, akaitazama sana. Mstari wa mpaka ulikuwa umechorwa kwa kalamu nene hata ukaifunika barabara yote.

"Nikamwambia, mwanangu, mstari wenu mnene kuliko barabara. Mimi niko ndani ya mstari au nje? Akanijibu, 'Mama, hilo ni suala la kitaalamu.' Nikamwambia maji hayasomi ramani, mvua ikija yatapita hapo hapo kwenye kalamu yako. Akaniomba niache namba ya simu."

Simu hiyo haijaita mpaka leo.

Wa kwanza kulipia utaalamu huo alikuwa fundi viatu, rafiki yake wa miaka kumi na tano. Anaishi na kufanyia kazi chumba kilicho ngazi tatu chini ya barabara, upande wa vyumba. Miguu yake haina nguvu tangu utotoni, naye husogea kwa mikono juu ya kigoda chenye magurudumu alichojitengenezea. Mvua za msimu uliopita, mtaro uliposhindwa kumeza maji, yalifurika hadi yakaifunika lami yote, yakashuka ngazi zake. Alijivuta juu ya meza ya kazi, akakaa hapo kwa muda wa saa tano huku viatu vya wateja vikielea kuzunguka chumba, mpaka majirani wakavunja dirisha na kumtoa.

"Jozi ishirini na saba," anasema fundi, akigonga kisigino cha kiatu bila kuinua uso. "Kila mguu ulikwenda kivyake, kama hizo wilaya zao." Kisha anamtupia jicho Shangazi aliyeinama mlangoni. "Huyu hapa ndiye ofisa wangu. Hao wengine siwajui."

"Nyamaza, wewe. Unajua ningekuwa nimesafisha usingelowa."

"Ungesafisha ungefukuzwa. Ungekuja kulala wapi? Humu hamna nafasi, tumejaa mimi na viatu."

Wanacheka wote wawili, lakini Shangazi ndiye wa kwanza kunyamaza. Usiku ule wa maji yeye alikuwa nyumbani kwake, anatii barua. Hilo hajajisamehe.

Saa mbili kasoro, msimamizi wake anafika kwa pikipiki kukagua. Ni kijana mpole, na ndiye aliyetia saini barua zote mbili. Anamwamkia kwa heshima, naye anaitikia "marahaba, mwanangu" bila kuacha kufagia.

"Shangazi, nimesikia unataka kuuingia tena mtaro," anasema kwa sauti ya chini. "Tafadhali. Ya tatu nikiletewa niisaini, sina la kufanya."

"Ile barua inasema vifaa vya wilaya. Kesho kutwa ni siku yangu ya mapumziko. Sitavaa koti hili, sitashika koleo lenu. Binti yangu ameniazimia koleo kwa fundi wa ujenzi. Nitavaa gauni langu. Mtaniandikia gauni?"

Kijana anautazama mtaro, kisha msumari mwekundu, kisha viatu vyake. Anasema hajui kama hilo linaruhusiwa, itabidi aulize.

"Uliza," Shangazi anamwambia. "Uliza taratibu. Kabla hujajibiwa nitakuwa nimeufikia wavu."

Utabiri wa hali ya hewa unasema mvua zimebakiza siku kumi na mbili. Kwa mkono wa mtu mmoja, mtaro huu unataka siku nne, na yeye ana mapumziko ya siku moja kwa wiki. Hesabu hiyo anaijua vizuri. Binti yake ameahidi kuja, na mwenye duka la simu ameahidi, ingawa huyo, Shangazi anasema, ameahidi pia kuacha kutupa maboksi mle.

Akiulizwa anatumaini nini, hataji koti jipya wala nyongeza ya mshahara. "Siku nikistaafu, atakayechukua fagio hili apewe barabara nzima. Huku na huku, pamoja na mtaro wake. Waiite wilaya jina lolote wanalotaka."

Kabla ya kuondoka anapita tena kwa fundi viatu. Kitanda chake kimeinuliwa, kila mguu wa kitanda umesimama juu ya matofali matatu, na fundi anataka kujua: maadamu mtaro utasafishwa, ayatoe?

Shangazi anainama, anayatikisa matofali kwa mkono.

"Ongeza moja," anasema. "Mimi naja kesho kutwa, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Ila hao wenye ramani siwaamini."